Gari Huzima Likiwa Baridi, na Nimemsingizia Dereva wa Lori

Mpendwa Mama Kalina,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana barua hii inaanza na habari ya gari na kuishia na habari ya mtu. Mimi ni muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, nina miaka arobaini na minne, naishi na mume wangu Radko katika mji mdogo huku kwetu milimani Rodope, na gari ninaloendea kazini ni la mwaka 1987, la kabureta, ambalo Radko amelitunza kwa mikono yake mwenyewe, na si mtu wa kubahatisha, amekuwa fundi katika karakana ya mabasi miaka ishirini na sita mpaka walipompunguza kazini.

Tangu baridi ya Novemba ianze gari limebadilika. Kuwaka linawaka, navuta choki ya kuwashia injini baridi, linanguruma vizuri, lakini nikitoka getini na kukanyaga mafuta linasita kama mtu aliyepaliwa, linajikwaa mara mbili tatu, pengine linapiga chafya, halafu ndipo linakurupuka, na nikikanyaga kwa nguvu ndio linazidi kufa. Baada ya dakika kumi hivi, injini ikishapata moto, halina neno. Nilimwambia Radko. Alisubiri nirudi mchana, akalichukua, akapanda nalo hadi kanisani na kushuka, akanirudishia ufunguo.

"Gari zima kabisa, Snezha. Mguu wako ndio mbovu."

Nikamwambia alipime asubuhi. "Asubuhi, mchana, injini ni ile ile," akasema. "Wewe unakanyaga kama unaua mende." Akabadilisha plagi, akakaza hiki na kile, kisha hakutaka tena kulisikia jambo hilo, nami nikanyamaza, maana tangu aachishwe kazi gari lile ndilo kitu pekee ambacho majirani wanamsifia.

Tarehe kumi na nne Januari, saa moja asubuhi, nilikuwa nimempakia Bibi Minka, jirani yetu, nampeleka mjini kusafishwa figo. Pale njia yetu inapoingia barabara kuu, karibu na kiwanda cha mbao, niliona lori la magogo likija kwa mbali, nafasi ilitosha kabisa, nikaingia, nikakanyaga, na gari likameza mate, likazima katikati ya barabara. Yule dereva alikuwa na mambo mawili tu, atugonge au alipeleke lori mtaroni, naye akalipeleka mtaroni. Magogo yalimwagika hadi uwanjani kwa watu. Alitoka akitambaa, mkono mmoja umening'inia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, huyo bibi mzima?"

Nilimpigia Radko simu, akafika kabla ya polisi. Akageuza ufunguo, gari likawaka hapo hapo. Akaninong'oneza, "Ukisema lilizima, watasema nilikuingiza barabarani na gari bovu. Jamaa alikuwa mbio, mwendo wa lori lile niliusikia." Hakuusikia, Mama Kalina, alikuwa bado nyumbani. Polisi waliponiuliza nilisema lori lilikuja mbio sana, wakaandika, nikatia sahihi.

Sasa dereva huyo, anaitwa Rufat, amevunjika mfupa wa bega na kuchanika paja, leseni imezuiwa mpaka kesi iamuliwe, na wenye lori wameshaweka dereva mwingine. Na zahanati yetu ikanipa mimi kazi ya kumbadilishia bandeji, kila Jumanne na Ijumaa. Mkewe ananipikia kahawa, ananiwekea na mkate wa jibini, nami sitafuni, nasema tumbo linanisumbua. Ijumaa iliyopita Rufat aliniambia, "Labda kweli nilikuwa mbio, dada. Nilidhani nilikuwa kwenye hamsini, lakini siku hizi sijiamini tena." Nikaendelea kufunga bandeji.

Bibi Minka hapandi tena gari langu, anakwenda hospitali kwa basi. Aliniambia mlangoni kwake, "Figo ndizo zilizoharibika, mwanangu. Macho yapo." Tangu hapo situlii, naosha vyombo vilivyokwisha oshwa, natoka nje nimesahau nilichokifuata, naanza kumwambia Radko neno halafu namuuliza kama viazi vimeiva. Tafadhali niambie, gari hili lina nini, au kweli ni mguu wangu? Na kama ni gari, nifanye nini na Radko, na nifanye nini na yule mtu?

Snezhana

—

Snezhana,

Kwa kawaida najibu hapa gazetini tu, lakini barua yako nilishindwa kuiacha juu ya meza, ndiyo maana nilikupigia simu Alhamisi. Wasomaji hawajui tulichozungumza, kwa hiyo nitawaeleza, majina yenu nikiwa nimeyabadilisha, na wewe utavumilia kukisikia tena.

Nami nilikuwa fundi kabla ya kuwa mwandishi wa safu hii. Gari la kabureta linalosita likiwa baridi na kupona likipata moto lina sehemu chache za kutazamwa, na ya kwanza ni ile pampu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta. Kazi yake ni kurusha petroli ya ziada kila unapokanyaga ghafla. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, na mpira ukizeeka hupasuka. Injini ya moto huvumilia upungufu huo. Injini baridi haivumilii, kwa sababu petroli nyingine inagandia kwenye kuta za bomba kabla ya kufika inakotakiwa.

Nilikuagiza umwamshe Radko siku ya pili, kabla gari halijawashwa. Mfungue kifuniko cha kichujio cha hewa, msivute choki, yeye mwenyewe asukume mkono wa mafuta ulio kwenye kabureta huku akimulika ndani kwa tochi. Ikiwa pampu ni nzima ataona mchirizi wa petroli, mwembamba, wenye nguvu. Ulinipigia saa mbili kasoro. Ulisema alisukuma, akatazama, akasukuma tena mara nne, na kilichotoka ni matone. Kisha akaona na lile bomba la bati linalopeleka hewa ya moto kutoka ubavuni mwa eksozi hadi kwenye kichujio limeoza na kuanguka, akakaa kwenye ngazi na koti lake la kulalia.

Basi mguu wako ni mzima. Mumeo hakuwahi hata siku moja kulipima gari likiwa na ugonjwa. Alilipima likiwa limeshapona, kila mara, halafu akakulaumu wewe. Fundi wa miaka ishirini na sita anajua kwamba gari la asubuhi hupimwa asubuhi. Alijua, ila hakutaka kukuta kitu. Namwonea huruma, nimeona mafundi wengi wakiachishwa kazi, lakini huruma yangu inaishia pale barabarani.

Na wewe nawe. Uliliendesha gari ulilojua linakufa, miezi miwili, ukampakia mgonjwa na kuingia nalo barabara kuu. Halafu mtu aliyejitupa mtaroni ili msife ukamwandikia kosa lako. Usiniambie ni Radko aliyekunong'oneza. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Kila Jumanne na Ijumaa umeketi ukimtazama akijitilia shaka, na ungeweza kuiondoa shaka hiyo kwa sentensi moja.

Sasa sikiliza. Gari lisitoke getini mpaka kiwambo kipya na bomba jipya viwe vimefungwa, na baada ya hapo lijaribiwe asubuhi tatu mfululizo, likiwa baridi, wewe ukiendesha na Radko amekaa kando yako. Kile kiwambo kilichopasuka msikitupe, kiwekeni kwenye bahasha, kitahitajika.

Jumatatu tafuta wakili, kisha mwende naye polisi ukabadilishe maelezo yako. Huenda utaadhibiwa kwa kusaini uongo, sitakuficha. Radko aende pia, aseme alichokuambia kabla polisi hawajafika. Akikataa, nenda bila yeye, na umwambie unakwenda, usimtoroke. Muombe Bibi Minka naye aseme alichokiona. Nadhani anasubiri kuombwa.

Zahanati waambie leo hii wamtafutie Rufat muuguzi mwingine. Huna haki ya kugusa kidonda kile wakati yeye hajui.

Ukitoka polisi nenda kwake, uende kwa miguu kama basi halipo. Mkewe akikuwekea kahawa, usiinywe kwanza. Usianze na msamaha, wala habari za mumeo, wala za kabureta. Utapata muda wa kuomba msamaha, na huenda usisamehewe. Anza na kile ambacho yeye anakihitaji zaidi: mwambie hakuwa mbio.

Kalina Terzieva