Usipande Kabla ya Kulifungua Tairi la Mbele

Nyumbani, nyuma ya kinu cha unga
Alhamisi, tarehe 14 Machi
Asubuhi ukungu, kisha manyunyu mpaka saa nne.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa mtoto. Sisi huku ni wazima, na neno hilo leo nimeliandika polepole, maana nusura lisiwe kweli. Kabla hujasoma zaidi nakuomba jambo moja: usiwashe pikipiki yako. Kama inawaka, izime, halafu kaa chini usome.

Nimekupigia simu tangu asubuhi, hupatikani, nami najua huko kambini kwenu mlimani mtandao huja ukipenda. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la saruji, jirani yetu yule mrefu. Anaondoka kesho alfajiri na ameniahidi kuiweka mkononi mwako kabla ya jioni. Mnashuka sokoni Jumamosi, kwa hiyo muda upo. Najiambia hivyo, lakini moyo haukubali.

Unakumbuka ulipokuja likizo, wewe na shemeji yako mkabadilisha matairi ya mbele ya pikipiki zote mbili hapa uani. Siku ile nilifurahi, sitaficha. Gereji walikuwa wameshatukunjia rimu kwa nyundo, na mlisema hamtaki tena mtu anayefungua gurudumu kama anayepasua kuni. Mkapaka ukingo wa tairi mafuta ya kupikia, kama Baba alivyokuwa akifanya, likateleza likaingia lenyewe. Kisha mkalitundika gurudumu kwa chuma chake cha katikati juu ya viti vyangu viwili vya mezani, mkaliacha lizunguke mpaka upande mzito ukatulia chini. Mkaniomba rangi ya kucha, mkachora mstari mmoja mwekundu kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu, kuonyesha mahali pa kubandika vipande vya risasi vya kubalansi. Mlipovibandika, likawa linazunguka bila kupendelea upande. Ukasema, "Gereji waje wajifunze hapa." Tukacheka sote.

Mwanzoni hapakuwa na neno. Wiki hii shemeji yako akaanza kusema usukani unatetemeka, kisha akasema ni barabara tu.

Leo asubuhi aliporudi kutoka kumpeleka mpwa wako shuleni, nilichukua kitambaa nikafuta matope ya gurudumu la mbele. Kaka, mstari ule umekatika. Nusu iliyo kwenye rimu iko palepale. Nusu iliyo kwenye tairi imesogea karibu kiganja kizima. Na mdomo wa tyubu, ule wa kujazia upepo, ambao mliuacha umesimama wima, umelala ubavu kama mtu anayesinzia kwenye benchi.

Nikamwita aone. "Inspekta, umeshaanza," akasema. "Nitalipiga upepo njiani."

Nikamwambia hatoki. Akacheka, akachukua kofia yake. Sikubishana naye. Niliinama nikatoa upepo wote, tukabaki tunatazamana huku tairi likilia katikati yetu. Akaisukuma pikipiki mpaka gereji, nami nyuma yake, nimevaa ndala mbili zisizofanana.

Fundi pale ni yule tunayemwita Redio kwa sababu hanyamazi. Alilibandua tairi, akanusa vidole vyake.

"Bosi, hili mlilifunga au mlilikaanga?"

"Fungua, Redio. Maneno yako tutayasikia kwenye taarifa ya habari," akasema shemeji yako.

"Habari ndiyo hii. Mafuta hayakauki humu ndani. Ukishika breki rimu inasimama, tairi linaendelea na safari, linaburuta na tyubu."

Akaichomoa tyubu, akaigeuza. Mdomo umechanika shinani karibu wote, umeshikiliwa na kipande chembamba kama kifungo kilichobaki na uzi wake wa mwisho. Redio akanyamaza. Kaka, mtu yule kunyamaza kulinitisha kuliko tyubu yenyewe. Shemeji yako akakaa juu ya ndoo, akaomba maji, akayashika asiyanywe.

Mpwa wako alikuwa amebebwa na gurudumu lile leo asubuhi, kwenye manyunyu, wakiteremka kilima, naye unajua huimba njia nzima. Mdomo ungeng'oka, upepo wote ungetoka mara moja, tena gurudumu la mbele. Kila nikifika hapo akili inarudi mwanzo.

Redio aliosha rimu na tairi kwa sabuni na maji mengi, akaweka tyubu mpya, akatumia povu la sabuni ambalo hukauka na kuliacha tairi limeshika. Kisha akalibalansi kwenye mashine yake. Sisemi gereji ni watakatifu, rimu walikunja wao. Wala sisemi msifunge tena nyumbani. Ninachosema ni mafuta.

Sasa wewe. Pikipiki yako mliifunga siku ileile, kwa chupa ileile. Mteremko wenu ni mrefu kuliko wetu, nawe humpakia wifi, na mtoto mgongoni kwake. Hata ukikuta mdomo umesimama wima, usiuamini. Lifungue, lioshe, weka tyubu mpya. Kama huna vifaa, Jumamosi tembeeni kwa miguu. Au msiende kabisa, sokoni hapahami.

Najua utasema Baba alitumia mafuta maisha yake yote na hakuanguka. Baba alikuwa na baiskeli, Kaka.

Mama hajambo, goti linamsumbua kwenye baridi hii. Sijamwambia lolote. Ameniuliza kwa nini nimemkumbatia mpwa wako mlangoni kama ametoka safari, nikamjibu nimemkumbuka tu. Mtoto mwenyewe ameng'oka jino la mbele na anataka ulione kabla jipya halijaota.

Dereva anarudi Jumapili. Mpe jibu, hata liwe neno moja kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Mradi liwe kwa mwandiko wako.

Msalimie sana wifi, umbusu mtoto. Mama anawasalimu, shemeji yako pia. Mungu awafunike huko mliko, na awaweke miguu chini mpaka barua hii ifike.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungoja.

Ijumaa, alfajiri. Hakuna mvua. Naongeza machache kabla dereva hajapita. Jana usiku nilipojilaza kitandani shemeji yako alitoka na tochi kwenda kulitazama tairi, akarudi. Akatoka tena. Aliporudi mara ya pili alikwenda akasimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto, nami nikamwacha asimame. Simu yako nimeijaribu tena, bado. Usingizi ulinipata saa tisa na robo usiku.