Waya za Peugeot

Buzuruga, Mwanza
12 Agosti 1996

Kwako Baba Precious,

Huku tu wazima. Precious ameshaota meno ya mbele. Sangara wote siku hizi wanakwenda viwandani, sisi tunakula mapanki, mifupa inayobaki wakishachukua minofu.

Mdogo wako Chenge alikuja Jumamosi kuchukua Peugeot. Najua ndiye aliyekuambia kwamba sasa linawaka. Ulipohamia Shinyanga uliliacha waya zake zimetafunwa na panya, ukifungua boneti unakutana na harufu ya mikojo yao. Nilijifunza kufunga waya za gari kwa fundi Iqbal pale Mabatini. Kwa fedha yangu ya dagaa nilinunua waya mpya, nikazifunga utepe na kuzilaza kandokando ya injini, ndani kukawa nadhifu kama kabati la vyombo. Nilitaka ukirudi ulikute ni teksi yetu.

"Kaka analihitaji kwa harusi," Chenge alisema, akiangalia chini.

"Harusi ya nani?"

"Yake. Shemeji, nilidhani amekuandikia."

Sikulia mbele yake. Nilimkaribisha chai, nikachukua koleo, nikafungua boneti. Nilizitoa waya zangu moja baada ya nyingine, naye amesimama na kikombe mkononi. Kisha nikamkabidhi ufunguo, akaenda kutafuta lori la kulivuta.

Gari ni lako, nimekurudishia kama ulivyoliacha. Mwambie bibi harusi avae viatu vizuri vya kusukumia.

Mimi uliyekuwa ukiniita mke,
Getruda