Umeumwa na Nini?

Matinyani, Kitui

Mdogo wangu Zuhura,

Natumai mvua imewapunguzia joto hapo Tanga. Huku jua ni kali, muthokoi wa binti yangu Salma, yale mahindi yao ya kukoboa na maharage, umeninenepesha, na simu ya tachi uliyosema itanishinda sasa naimudu.

Unakumbuka kliniki waliniingiza kwenye utafiti wa afya za wasafiri wanaovuka mpaka. Kila jioni programu yao inaniuliza maswali kwenye simu. Juma lililopita iliuliza, "Umeumwa leo?" Nikabonyeza ndiyo, maana nyuki wa mkwe wetu Mutua walikuwa wameniuma sikio. Ikauliza, "Sana?" Nikabonyeza sana.

Asubuhi nesi wa utafiti akapiga, sauti imejaa huruma.

"Pole mama. Unaumwa na nini?"

"Na nyuki."

Humu ndani walisikia ile pole tu. Salma alishanifungia kanga za hospitali, na Mutua ameshawasha pikipiki. Mutua akaniuliza, "Mama, kwani uliambia hao watu uko mgonjwa?"

Nikamjibu nesi, "Mwanangu, mimi mzima. Swali lenu ndilo linaloumwa." Alicheka mpaka akakohoa, akaahidi kuwaambia wenzake.

Jana simu iliuliza, "Kuna mdudu aliyekuuma?" Na chini yake, peke yake, "Unajisikia mgonjwa?" Wasafiri wote wa utafiti sasa wanaulizwa kwa Kiswahili cha dada yako.

Nikabonyeza hapana, tena hapana, kisha nikaketi kula asali ya walewale walioniuma.

Wabusie wanangu. Chupa yako ya asali nimeiweka.

Dada yako,
Mwanaidi