Kigingi cha Migombani

Jumatatu, 2 Juni
Mwanangu Muhonja ameniletea kigingi sasa hivi. Amekikokota kutoka migombani, udongo hadi kwa nyusi, anacheka. Kina utepe mwekundu. Watu wa mashine walikipigilia asubuhi. Hapo ndipo watatoboa, watoe udongo na mawe, wakapime kama ardhi itabeba daraja jipya.

Sikumchapa. Nimeshukuru.

Migombani ndiko aliko kaka yake. Alipumua usiku mmoja, hakupata jina. Wa hivyo hawaliliwi. Wamama wakongwe walimfunga kwa leso yangu ya njano, wakamzika bila tuta, bila msalaba, mimi nikiwa ndani. Mama mkwe aliniambia tu, yuko migombani. Tangu hapo nikienda mtoni nasalimianga migomba.

Kigingi nimekirudisha, lakini si pale. Nimekipigilia kando ya jiko, pale Mama mkwe anachambulianga maharagwe. Mungu anisamehe. Sitaki mashine imguse.

Jumanne, 3 Juni
Wameanzia chini mtoni. Nyundo inaangukia chuma, pu, pu, pu. Sufuria zinatetemeka. Muhonja aliacha kunyonya kitambo lakini leo maziwa yamenitoka, blauzi imelowa. Nani ananiita?

Nilishuka kuangalia. Fundi anavuta bomba, udongo unatoka mzima kama muwa, wanaulaza kwa sanduku. Alinitania: "Mama, usitulinde hivyo. Tukipata dhahabu tutakuita." Sikucheka. Nilikuwa natafuta rangi ya njano.

Jumatano, 4 Juni
Mama ameona kigingi. Ameweka kigoda chake papo hapo. Maharagwe yameisha na bado ameketi. Nilimwambia aingie, kuna umande. Akasema miguu imekataa. Hajala. Naogopa kumwangalia.

Alhamisi, 5 Juni
Mashine ilipanda hadi kwetu. Fundi alimwomba Mama asimame. Mama akamwambia amtoboe yeye kwanza. Wafanyakazi wakacheka. Mama alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia.

Niliinama kumshika mkono. Akasema polepole, "Mwanangu, mtoto yuko hapa. Nilikuambia migombani ndiyo usiwe unakuja kulala juu yake kwa mvua. Nikaleta kigoda, asikae peke yake."

Mikono yangu hii ndiyo iliyomletea mashine.

Nilimwambia fundi ukweli mbele ya wote. Kigingi ni mimi nilikihamisha. Nilingoja kufokewa. Alivua kofia yake ngumu, akamwambia Mama pole, akawaambia wenzake wahamishe mashine.

Wakatoboa migombani. Nilisimama hapo kutoka bomba la kwanza hadi la mwisho, hata kama sasa nilijua. Udongo mwekundu. Udongo wa kijivu. Mwamba. Miaka hii yote nilikuwa naongea na mwamba.

Jumapili, 8 Juni
Wameenda. Shimo wamelijaza. Mgomba mmoja umeanguka.

Bado nasikia nyundo nikifumba macho. Haijatoka. Lakini leo baada ya kanisa Mama alitoa kigoda cha pili, hakusema ni cha nani. Nikaketi. Tukachambua maharagwe. Muhonja alilala katikati yetu, sikio kwa udongo, akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze.

Mama ameingia jikoni. Mimi niko hapa na kalamu. Nimepata jina, sijaambia mtu. Ananiita, maji ya obusuma, ugali wetu, yamechemka. Naenda, Mama. Acha kwanza niandike, mtoto wangu wa kwanza anaitwa