Kompyuta ya Gari la Randall Imesahau Kila Kitu

Mavis, sikiliza. Nimekaa ndani ya gari la mkwe wangu Randall, yeye yuko nje anafoka kwenye simu.

Unakumbuka ulivyomwomba akupeleke Visalia kumwona mzee wako hospitalini? "Mama Mavis, mimi si teksi." Mbele ya kanisa zima. Mimi si teksi.

Basi jana nilichomoa waya wa betri ya gari lake, ile inayoitunzia kompyuta kumbukumbu, nikaurudisha. Gari likawaka kama kawaida.

Leo kwenye ukaguzi wa moshi wa magari, fundi Eusebio kachomeka kifaa chake, kasema, "Injini ni nzima, ila kompyuta yake imesahau kila kitu. Haiko tayari, siwezi kulipitisha."

Randall kabadilika rangi. Bila cheti cha ukaguzi hapati stika ya mwaka ya kuruhusu gari barabarani.

Eusebio kafungua boneti. Mavis, uzi wa sweta langu la zambarau ulikuwa umenasa kwenye betri. Kautazama, kanitazama, kautia mfukoni. Mungu ambariki.

Kamwambia Randall, "Dawa yake ni safari. Barabara kuu, mwendo wa kutulia, kila siku, mpaka ijifunze upya."

Nikauliza kwa upole, "Kama kwenda Visalia na kurudi?"

"Hivyo hasa, bibi."

Kesho saa nne asubuhi uwe barazani na koti lako. Kaa kiti cha mbele.