Dinosaria Mwenye Mdomo Mtupu

Mjukuu wangu Rehema,

Sisi hapa Golbanti hatujambo. Babu yako anavuna mpunga na kugombana na ndege. Picha ya dinosaria uliyemchora imefika, na mifupa yake mgongoni kama ngao, na rungu mkiani. Unasema mdogo wako Buya akimwona analia, ingawa umemwambia mnyama huyo alikula majani tu. Umeniuliza ufanyeje.

Nilipokuwa na umri wako nililinda shamba la mama, ndege wasile mpunga. Siku moja nikaona jiwe linatembea kwenye maboga! Nikalichapa huku napiga mayowe, mpaka fimbo ikavunjika. Nikakaa chini, hoi. Polepole kichwa kikatoka. Kumbe kobe, jani la boga linaning'inia mdomoni, ananitazama. Nilicheka mpaka nikawasahau ndege, nao wakaula mpunga wetu.

Mama alipokuja alimbeba kobe hadi kwenye nyasi. "Maskini," akasema, "nyumba anayo, shamba hana."

Sasa wewe umemchorea mnyama wako silaha zote, ila mdomo mtupu. Picha nairudisha na barua hii. Mpe Buya penseli ya kijani, amchoree jani mdomoni, amlishe mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, mvunja fimbo.