Mama Anayelia Kurasa Nne

Ndugu yangu, leo nimeumbuka. Ule mchezo wangu kuhusu mgomo wa kiwandani, tunaotakiwa kuuigiza Jumamosi, wanawake wa cherehani wamegoma kuuigiza.

Aliyeanza ni dada yangu. Kasoma sehemu yake yote, kisha kaniuliza: "Huyu mama analia kurasa nne. Kazi anafanya saa ngapi?"

Nikasema analilia tabaka zima la wafanyakazi. Mwenzake akadakia: "Mpe leso basi, bwana mwandishi, tabaka limelowa."

Tabaka limelowa, ndugu yangu. Walicheka hadi wakashika mbavu.

Halafu dada akauliza polepole: "Geti siku ile ya mgomo alilifunga nani?"

Mimi ninayemkumbuka kila msimamizi aliyewahi kututukana, kwenye mchezo kufunga geti nilimwandikia mwanamume. Kumbe aliyelifunga ni dada yangu mwenyewe. Nilikuwepo, nikaona.

Nikamuuliza aliwaza nini wakati ule. Miaka tisa imepita tangu mgomo, sikuwahi kumuuliza.

"Mkojo," akasema. "Nilibanwa tangu asubuhi, msimamizi kanikatalia kutoka. Nikasema basi, leo hatoki mtu."

Nimefuta kurasa zote nne. Tuko jikoni kwake sasa, anasema, naandika. Kila nikitaka kumpamba ananikata: "Kaka, andika nilivyosema."